KIFUNDO KIKIFUNGWA, MZIGO HUENDA WAPI?

Tulipokuwa kadeti, mwalimu wetu wa kupigana bila silaha alitufundisha kwamba adui aliyeshika kisu hafunguliwi vidole kimoja kimoja. Hukunjwa kifundo cha mkono kwa ndani, na kisu huanguka chenyewe. Zoezi hilo tulilifanya asubuhi nyingi katika umande, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza sababu yake. Miaka ilipita, ndipo tukaambiwa sababu hiyo na daktari wa mifupa, hali tumeketi naye hospitalini pamoja na sajini mmoja wa kikosi chetu ambaye mkono wake wa kuume ulikuwa ukingojea kisu cha namna nyingine.

Sajini huyo ametupa ruhusa ya kusimulia habari za mkono wake, si ya kutaja jina lake. Miaka minne kabla ya siku ile alikuwa akiruka ukuta katika njia ya vikwazo. Mguu ukateleza, naye akajikinga kwa kiganja kilichofunuliwa. Katika zahanati alikopelekwa aliambiwa kuwa ameteguka. Akafungwa bendeji, akapewa vidonge vya maumivu na mapumziko ya siku 3. Uvimbe ukanywea, akarudi gwarideni. Hakuna aliyefikiri kumpiga picha ya eksirei. Alipopigwa hatimaye, kwa kuwa alikuwa hawezi tena kuinua ndoo ya maji, picha ilionyesha mfupa mdogo uliovunjika vipande viwili ambavyo havikuungana kamwe, na kandokando yake gegedu lilikuwa limelika.

Daktari alimwekea mbele njia mbili. Ya kwanza ni kuuondoa mfupa ule mbovu na kuiunganisha mingine minne iwe pande moja, ili kifundo kibakiwe na sehemu ya mwendo wake. Ya pili ni kukifunga kifundo chote kwa bamba la chuma na skrubu, toka kigashani hadi kiganjani, kisipinde tena maisha yote. Katika njia zote mbili maumivu yalitarajiwa kupungua. Katika njia zote mbili hapakuwa na kurudi nyuma.

Sajini alifikiri kidogo, kisha akauliza: “Daktari, nitaweza kupiga saluti?”

Daktari hakucheka, na kwa hilo tulimshukuru.

Swali lile lilitufanya tutafute habari za elimu ambayo wengi wetu hatukujua kuwa ipo: elimu ya kukijenga kifundo cha mkono ndani ya kompyuta, kukipasua humo, kukifunga humo, na kutazama yatakayotokea kabla ya mgonjwa kulala juu ya meza. Yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Yapasa kwanza kujua kwamba kifundo cha mkono si bawaba ya mlango. Ndani yake mna mifupa midogo 8, iliyopangwa safu mbili za mifupa minne minne, kama askari waliokaa mbele na nyuma. Misuli inayokiendesha imekaa juu katika kigasha, na kano zake hupita juu ya mifupa hiyo kama kamba zinavyopita kapini. La ajabu ni kwamba mifupa mitatu mikubwa ya safu ya kwanza, ile iliyo karibu na kigasha, haina kano ya msuli inayoishika moja kwa moja. Haiamriwi na mtu. Husukumwa na majirani zake tu, ikizuiwa na ligamenti, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa.

Mfupa mmoja tu ndio unaopita katika safu zote mbili na kuzishika pamoja. Huitwa skafoidi, jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mashua. Huo ndio unaovunjika mara nyingi mtu aangukapo kwa kiganja, na ndio uliovunjika mkononi mwa sajini. Balaa yake ni kwamba damu huuingia kwa sehemu kubwa kupitia upande wa vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea kigashani. Ukivunjika katikati, kipande cha nyuma chaweza kukosa damu na kufa, hali mgonjwa anatembea na kuambiwa kuwa ameteguka.

Skafoidi isipoungana, safu mbili hukosa wa kuzishikanisha, na kifundo huanza kuporomoka polepole. Mwaka 1984, H. Kirk Watson na mwenzake Ballet, wa Marekani, walitoa taarifa baada ya kuzipitia picha 4,000 za vifundo vya mkono. Waliona kwamba uchakavu hauendi ovyo ovyo, bali hufuata njia yake hatua kwa hatua, na kwamba kiungo kimoja karibu kila mara husalimika: kile kilicho kati ya kigasha na mfupa uitwao lunati, wenye umbo la mwezi mwandamo. Ugunduzi huo ndio msingi wa njia ya kwanza aliyopewa sajini. Skafoidi huondolewa, lunati na majirani zake watatu huunganishwa, na mwendo wote uliosalia huachiwa kile kiungo kizima.

Kuunganisha mifupa si jambo la siri. Mpasuaji huparua gegedu mpaka mfupa mbichi uonekane, huweka chembe za mfupa, pengine zilizotolewa nyongani, kisha hubana kwa skrubu, pini au bamba. Baada ya wiki kadhaa mifupa hushikana ikawa mmoja, na panapokosekana msuguano maumivu hukoma. Lakini mzigo uliokuwa ukipita pale haukomi. Mtu bado anainua ndoo, bado anasukuma mlango. Katika kifundo kizima kilichonyooka, kiasi cha asilimia 80 ya mzigo huingia katika mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, na kiasi cha asilimia 20 upande wa pili. Ukiziba njia moja kati ya mifupa 8, mzigo utatafuta nyingine, kama maji ya mvua yatafutavyo ufa. Utapita wapi? Kwa jirani yupi? Naye ataustahimili miaka mingapi? Mpasuaji hawezi kuliona hilo kwa macho hata akikifungua kifundo chote, kwa kuwa mzigo hauna rangi.

Hapo ndipo kompyuta ilipoingia. Mwaka 1990 Horii na wenzake wa Mayo Clinic, mjini Rochester katika jimbo la Minnesota, walichapisha hesabu zao juu ya ugonjwa mwingine wa kifundo, ule wa kufa kwa lunati, ulioelezwa mwaka 1910 na Robert Kienböck, daktari wa Vienna. Madaktari walikuwa na njia nyingi za kujaribu kuipunguzia lunati mzigo, na kila mmoja alikuwa akiisifu yake. Watafiti hao walikichora kifundo katika kompyuta kwa namna nyepesi mno: kila mfupa waliuhesabu kuwa kitu kigumu kisichobonyea, na gegedu na ligamenti wakaziweka kama springi. Kisha wakaweka mzigo na kuiamuru mashine itafute mahali ambapo springi zote zingetulia. Kila springi iliyobanwa ilionyesha ni kiasi gani kilichopita pale.

Matokeo yake yafaa kusomwa taratibu. Kufupisha mfupa wa kigasha kwa milimita 4 tu, au kuurefusha ule wa pili kwa kiasi hicho hicho, kulipunguza mzigo kati ya kigasha na lunati kwa asilimia 45. Kuiunganisha skafoidi na jirani zake wa safu ya pili nako kulipunguza. Lakini kuiunganisha mifupa miwili ya safu ya pili iitwayo kapitati na hamati, bila kufanya lingine, hakukufaa kitu. Mgonjwa angepasuliwa, angeshonwa, angekaa na plasta, na kwa mujibu wa hesabu hizo lunati yake ingebaki na mzigo ule ule. Aidha, kuifupisha kapitati pamoja na kuiunganisha na hamati kulipunguza mzigo wa lunati kwa takriban theluthi mbili, ila mzigo huo ulihamia upande wa kidole gumba na kuviongezea viungo vya huko shida ambayo havikuwa nayo. Sisi tulio jeshini twalijua jambo hili. Ukimpunguzia askari mmoja mzigo katika safari ndefu, begi halipotei. Limo mgongoni mwa mwingine.

Kielelezo cha springi kilikuwa bapa kama karatasi. Ili kukifanya kiwe na kimo na kina, zilihitajika picha za mifupa tabaka kwa tabaka. Mashine ya picha hizo ilimpiga mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, kazi ya Mwingereza Godfrey Hounsfield. Hesabu za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kufikiriwa barani Afrika na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alipokuwa akifanya kazi mjini Cape Town; nao wawili waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Njia ya kukigawanya kitu kigumu katika vipande vidogo vingi ili kompyuta ihesabu jinsi kila kimoja kinavyobonyea haikutoka hospitalini kamwe. Ilitoka katika ndege. Wahandisi wa Boeing na wenzao waliichapisha mwaka 1956 walipokuwa wakipima ugumu wa mabawa, na mwaka 1960 Ray Clough akaipa jina. Mwaka 1972 ilikwisha kuhamishiwa katika mfupa wa paja. Si mara ya kwanza kwa chombo kilichobuniwa kwa ajili ya ndege kuishia katika mwili wa mwanadamu, na afadhali kiishie huko kwa namna hii kuliko kwa ile nyingine.

Katika Chuo Kikuu cha Brown, jimbo la Rhode Island, Joseph Crisco na wenzake waliwapiga watu wazima wa afya picha hizo za tabaka, kifundo kikiwekwa katika mikao mbalimbali, kisha kompyuta ikafuatilia kila mfupa ulikohamia. Mwaka 2007 walitoa hazina ya mifupa na mienendo ya vifundo vya watu 30, ili watafiti wengine waitumie. Nao ndio waliotuonyesha jambo linalomhusu kila mshika jembe. Mtu apigapo nyundo, atupapo mkuki au ashushapo panga, kifundo chake hakiendi mbele na nyuma kwa mstari ulionyooka. Huanza kimeinuka nyuma, kikiegemea upande wa kidole gumba, na humalizia kimeinama mbele, kikiegemea upande wa kidole cha mwisho. Mwaka 2005 walitoa taarifa kwamba katika njia hiyo ya mshazari safu ya kwanza ya mifupa hutulia karibu mahali pake, na sehemu kubwa ya mwendo hufanyika kati ya safu ya kwanza na ya pili.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Upasuaji wa kuiunganisha mifupa minne hukifunga kiungo hicho hicho cha kati ya safu mbili. Kwa hiyo mgonjwa hubakiwa na kiasi cha nusu ya mwendo wake, na hilo hutajwa kuwa ushindi. Lakini ni nusu ipi? Mwaka 2017 Jennifer Nichols, Wendy Murray na wenzao walitoa matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa mikono ya maiti, wakionyesha kwamba baada ya upasuaji huo mwendo wa mbele na nyuma na ule wa kando, ambao katika kifundo kizima huambatana kama ndugu, huachana. Mkono bado unakwenda, ila hauendi kwa njia yake ya asili. Hesabu ya nyuzi peke yake, ile aiandikayo daktari katika kadi ya mgonjwa, haiwezi kulionyesha jambo hilo.

Imebaki misuli. Sukuma mlango karibu na bawaba, kisha usukume penye kitasa; nguvu ni ile ile, tofauti ni urefu wa wenzo. Kila kano ipitayo kifundoni ina wenzo wake, na wenzo huo hubadilika mfupa unapoondolewa au kuunganishwa. Nichols na Murray walipima mwaka 2015 na kuona kwamba upasuaji wa namna hii hubadili wenzo za misuli mikuu ya kifundo, jambo ambalo kabla yake lilikuwa limechunguzwa kidogo mno kuliko habari za mwendo. Vielelezo vya mkono wanavyovitumia vimetokana na kazi ya Scott Delp wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye pamoja na wenzake walitoa mwaka 2007 programu iitwayo OpenSim. Programu hiyo hutolewa bure. Mwanafunzi wa uhandisi katika chuo chochote chetu, akiwa na kompyuta ya kawaida na subira isiyo ya kawaida, aweza kuifungua na kukifunga kifundo cha mtu asiyekuwapo.

Na sasa tuirudie siri ya kisu. Daktari alimwambia sajini akunje kifundo chake kizima, cha kushoto, kwa ndani kabisa, kisha akaze ngumi. Nasi tukafanya vivyo hivyo. Ngumi haikazi. Kano zinazokunja vidole zimelegea, kwa kuwa safari yao imefupishwa, na zile za mgongo wa mkono zimevutika mpaka zinavifungua vidole kwa nguvu. O'Driscoll na wenzake walipima mwaka 1992 na kuona kwamba mtu akiachiwa achague mwenyewe, hushika kwa nguvu zaidi kifundo kikiwa kimeinuka nyuma kiasi cha nyuzi 35, na kuegemea kidogo upande wa kidole cha mwisho, nyuzi 7.

Hata hivyo, kifundo kifungwacho chote hakifungwi penye nyuzi 35. Wapasuaji wengi hukiweka kati ya nyuzi 10 na 15 hivi, maana mkono uliogandishwa huku umeinuka sana hauingii mfukoni wala hauvai shati kwa urahisi. Ni suluhu kati ya nguvu na maisha. Ndipo linapokuja swali tunaloona kuwa ni zito kuliko hesabu zote tulizozitaja: maisha ya nani?

Mwaka 1985 Palmer na wenzake waliwafunga watu 10 kifaa cha kupimia pembe na kuwafanyisha kazi 52, wakasema kwamba kazi za kila siku zahitaji nyuzi 5 tu za kuinama mbele na 30 za kuinuka nyuma. Mwaka 1991 Ryu na wenzake, kwa watu 40, walifika nyuzi 40 kila upande kwa kazi nyingi. Tofauti hiyo si ndogo, na sababu mojawapo ni kazi zilizochaguliwa. Kifundo cha mtu anayekula kwa uma hakiulizwi maswali yanayoulizwa kifundo cha mtu anayefinyanga tonge la ugali, akalichovya na kulifikisha kinywani. Anayejitakasa kwa maji chooni anahitaji kuinama mbele ambako uma haukuhitaji kamwe, na kwetu mkono wa kushoto na wa kuume haibadilishani kazi ovyo. Kompyuta hujibu iliyoulizwa. Mtu asipoiingiza jembe, haitalifikiria jembe. Wala haijui saluti ni nini.

Vivyo hivyo ugumu wa ligamenti uliomo katika vielelezo vingi ulipimwa katika mikono ya maiti, na mara nyingi ni ya wazee. Sajini wetu ana misuli ya mtu asukumaye gari la jeshi lililokwama. Twasema hivi bila kuidharau elimu hiyo. Ramani nayo haina matope, lakini hakuna ofisa aendaye vitani bila ramani.

Kwa mkono wa sajini haikutumika kompyuta yoyote. Daktari alifanya jambo la kale zaidi: alikifunga kifundo kwa gango la plasta, kimeinuka nyuzi 15, akamwambia akaishi nacho wiki 2 kisha arudi aseme. Gango lile nalo lilikuwa kielelezo. Lilimwonyesha yale ambayo mashine ya Minnesota haikuulizwa, ingawa halikuweza kumwonyesha mzigo utakavyopita ndani ya mifupa baada ya miaka 10.

Aliporudi alikuwa na orodha, imeandikwa kwa mkono wa kushoto. Bunduki ilishikika. Jembe, siku ya likizo katika shamba la baba yake, lilishikika kwa shida. Kifungo cha kola kilimshinda. Chakula alikila, lakini kwa kuinua kiwiko kama kuku anayetaka kuruka, na watoto wakacheka. Saluti ilitoka imevunjika, vidole vikitazama juu. “Afande,” alituambia nje ya chumba cha daktari, “naonekana kama ninayekinga jua.”

Alichagua kuunganishwa mifupa minne. Daktari alimweleza waziwazi gharama yake: nguvu za kushika huenda zikarudi kiasi cha robo tatu, panga litateremka kwa njia ngeni, na ikiwa kiungo kilichosalia nacho kitachakaa, bamba la chuma bado litakuwa linangoja. Sajini aliomba apewe dakika chache atoke nje. Aliporudi alitia sahihi.

Huu ni mwezi wa 14 tangu siku hiyo. Amehamishiwa ghala la vifaa, kwa ombi lake mwenyewe. Mazoezi ya asubuhi ya kuinuka kwa mikono huyafanya kwa ngumi, si kwa viganja, na mkufunzi amezoea. Kuni huchanja mwanawe mkubwa. Juma lililopita tulipita mbele ya ghala lake, akasimama wima, akapiga saluti. Mkono ulikuwa umenyooka.